Lee hakusalimu amri mahakamani, na nyumba iliyo pichani si ile ya 1848

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua ili nirekebishe makala mliyoitoa Jumapili iliyopita kuhusu mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwandishi wenu amesema Jenerali Robert E. Lee wa majimbo ya Kusini alisalimu amri kwa Jenerali Ulysses S. Grant wa Kaskazini ndani ya jengo la mahakama la Appomattox, jimboni Virginia, kwamba wote wawili walitia saini mkataba mmoja, na kwamba vita viliisha siku hiyohiyo. Chini ya picha ya nyumba ya matofali yenye baraza ndefu mbele, mmeandika kwamba imesimama vilevile tangu ilipojengwa mwaka 1848. Yote manne si sahihi. Hilo la picha ndilo limenifanya nishike kalamu, kwa sababu kisa cha nyumba hiyo kinafaa kusomwa na kila mtu aliye na jengo la kale mikononi mwake.

Nianze na jina. Zamani huko Virginia, kijiji kilichokuwa makao makuu ya kaunti kiliitwa kwa jina la kaunti likifuatiwa na maneno Court House. Hiki chetu awali kiliitwa Clover Hill, kituo cha kubadilishia farasi kwenye barabara ya Richmond kwenda Lynchburg. Kaunti ya Appomattox ilipoundwa mwaka 1845 kijiji kikafanywa makao makuu, mwaka uliofuata likajengwa jengo la mahakama, na jina likawa Appomattox Court House. Kwetu mambo haya yanafahamika vizuri. Konda akiita "Mahakamani, wa kushuka!" hakuna abiria anayedhani anapelekwa kwa hakimu. Nawashauri wahariri washike kanuni moja: Court House, maneno mawili yenye herufi kubwa, ni kijiji, courthouse, neno moja kwa herufi ndogo, ni jengo. Lee alisalimu amri kijijini. Jengo la mahakama halikuhusika hata kidogo, kwani tarehe 9 Aprili 1865 ilikuwa Jumapili ya Matawi, na mahakama ilikuwa imefungwa.

Siku hiyo Lee alimtuma msaidizi wake, Luteni Kanali Charles Marshall, atangulie kijijini kutafuta mahali pa kukutania. Marshall akakutana na Wilmer McLean, ambaye kwanza alimwonyesha nyumba chakavu isiyo na samani. Marshall alipoikataa, McLean akatoa nyumba yake mwenyewe, ambayo ndiyo mliyodai kuionyesha pichani. Lee aliingia sebuleni kama saa saba mchana, Grant akafika nusu saa baadaye, na ilipofika saa tisa hivi mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Yalichukua saa moja na nusu.

Mkataba mmoja wenye saini mbili haukuwepo, ingawa wachoraji wengi wamewachora wakuu hao wakiinamia meza moja. Kulikuwa na meza mbili na barua mbili. Grant aliandika masharti kwa penseli, kwa njia ya barua kwenda kwa Lee. Ely Parker, ofisa wa Grant kutoka Seneca, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, akainakili kwa wino. Marshall akaandika jibu la Lee la kuyakubali, Lee akalitia saini. Kila mkuu alitia saini barua yake tu. Masharti yenyewe yalikuwa mepesi: askari waachiwe kwa ahadi ya kutopigana tena, silaha na mali ya jeshi vikabidhiwe, maofisa wabaki na silaha zao za kiunoni, farasi wao binafsi na mizigo yao. Lee alipoeleza kwamba askari wake wa kawaida nao walikuja vitani na farasi wao wenyewe, Grant aliruhusu wawachukue wakalimie, maana msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Pia aliagiza chakula cha watu 25,000, kwa sababu jeshi la Lee lilikuwa na njaa.

Hapa ndipo ninapotamani mwandishi wenu angefika, maana jengo lililofanya kazi kubwa kuliko yote wiki hiyo ni lile ambalo watalii wengi hulipita. Ni Clover Hill Tavern, nyumba ya wageni ya mwaka 1819, kongwe kuliko majengo yote ya kijiji, na matofali yake ni yaleyale ya awali. Ndani yake zilifungwa mashine za chapa za kubebeka, na kuanzia tarehe 10 Aprili wachapaji wa jeshi walifanya kazi mfululizo, usiku na mchana, wakitoa hati za kuachiwa kwa ahadi. Kila hati ilikuwa na nafasi tupu za kujaza jina la askari, kikosi chake na saini ya ofisa wake, na ilimruhusu mwenye nayo kurudi kwao akae bila kusumbuliwa. Zilitolewa zaidi ya 28,000. Bila kipande hicho cha karatasi, askari wa Kusini aliyekutwa njiani angeweza kuhesabiwa mtoro au adui. Akiwa nacho, alipata hata chakula kwenye vituo vya jeshi la Kaskazini na usafiri kwenye meli na treni zao. Silaha zilikabidhiwa kwa siku tatu: wapanda farasi tarehe 10, wa mizinga tarehe 11, na askari wa miguu tarehe 12, wakipita barabarani kikosi kwa kikosi na kusimamisha bunduki zao mafungumafungu.

Vita navyo havikuishia hapo. Lililosalimu amri ni jeshi moja tu la Kusini, lile la Lee, lililoitwa Jeshi la Kaskazini mwa Virginia. Jenerali Joseph Johnston, naye wa Kusini, alisalimu amri kwa Jenerali Sherman wa Kaskazini tarehe 26 Aprili katika nyumba ya shamba ya Bennett, North Carolina, na majeshi ya ng'ambo ya mto Mississippi yakafuata mwezi Mei na Juni.

Sasa nyumba ya McLean. Ilijengwa mwaka 1848 na Charles Raine, kwa matofali ya kuchoma, ubavuni mwa nyumba ya wageni ya mbao. Ina sakafu tatu. Chini, nusu ardhini, kuna chumba cha kulia. Katikati kuna ukumbi, upande mmoja sebule na upande wa pili chumba cha kulala, na juu ni vyumba vya kulala. Kisima kiko mbele ya nyumba, kimezungushiwa kibanda cha fito. Jiko lilijengwa mbali kidogo, nyuma, kwa kuhofia moto, na jirani yake makao ya watumwa. McLean aliinunua wakati wa vita, baada ya shamba lake la mwanzo, karibu na Manassas, kugeuzwa makao ya Jenerali Beauregard wa Kusini katika mapigano makubwa ya kwanza, Julai 1861. Baada ya vita pesa za Kusini hazikuwa na thamani yoyote, McLean akashindwa kulipa madeni, na nyumba ikauzwa kwa mnada mwaka 1869.

Mwaka 1891 akaja Myron Dunlap, kapteni mstaafu kutoka Niagara Falls, New York. Yeye na wenzake walilipa dola 10,000. Wazo la kwanza lilikuwa kuihamishia Chicago kwenye maonyesho ya dunia ya 1893. La pili, ambalo ndilo walilolishika, ni kuibomoa, kuisafirisha hadi Washington na kuisimamisha tena huko iwe makumbusho ya vita, watu waingie kwa kiingilio. Kabla ya kuigusa walifanya jambo moja la busara: walileta mafundi wakapima nyumba yote, wakachora ramani zake na kuandika orodha ya vifaa pamoja na vipimo vyake. Mwaka 1893 ikabomolewa na kufungashwa tayari kwa safari.

Safari haikutokea. Mwaka huohuo uchumi wa Marekani ulianguka, benki zikafunga, fedha za kampuni zikakauka. Rundo la matofali na mbao likabaki uani kwa karibu miaka 50.

Wenye kazi ya ujenzi wanajua rundo kama hilo hufa vipi. Tofali la mkono la karne ile halikuiva sawasawa tanurini: lililokuwa karibu na moto liligumu, la pembeni likabaki laini na la rangi hafifu. Fundi aliliweka gumu nje ya ukuta, laini akalificha ndani. Ukuta ukibomolewa, yote mawili yanalala mvuani. Lile laini hunywa maji, na Virginia maji yale huganda wakati wa baridi, yakatanuka na kulipasua tofali, na baada ya misimu michache unachota vumbi jekundu. Mbao zilizolala chini huliwa na kuvu kuanzia upande unaogusa udongo. Na kabla ya mvua na kuvu kuna binadamu: mlango, fremu ya dirisha na mbao za kuzunguka mekoni hubebeka, tena vilikuwa na thamani kwa kuwa vimetoka kwenye nyumba yenye jina. Waokota kumbukumbu walibeba matofali mojamoja mpaka rundo likapotea ndani ya vichaka. Kosa la Dunlap halikuwa kupima wala kuchora. Alibomoa kabla fedha ya kusafirisha na kujenga haijawa mkononi, na vifaa akaviacha bila paa.

Kijiji nacho kilikuwa kimeshapigwa pigo lake. Reli ilipita kama kilomita 5 kutoka hapo tangu miaka ya 1850, na biashara ikaanza kuhamia kwenye stesheni. Mwaka 1892 mahakama ikaungua. Karibu kumbukumbu zote za kaunti ziliteketea: hati za ardhi, mirathi, kesi. Wakazi hawakuijenga upya pale, walihamishia makao makuu stesheni, na huo ndio mji wa Appomattox wa leo. Anayetafuta habari za ukoo au shamba la huko kabla ya 1892 asipoteze muda kuuliza kwenye kaunti. Aanzie Library of Virginia, Richmond, kwa sababu nakala za vitabu vya kodi ya ardhi zilipelekwa huko kila mwaka, na hizo zilinusurika.

Eneo likawa hifadhi ya kihistoria ya taifa tarehe 10 Aprili 1940. Kazi ya kuirudisha nyumba ilianza kwa kufyeka miba, kisha wataalamu wa mambo ya kale wakachimba mwaka 1941 mpaka wakafikia misingi. Hapo zikakutanishwa aina tatu za ushahidi: msingi ulio ardhini, unaosema nyumba ilikaa wapi na ukubwa gani, ramani na orodha za wakati wa Dunlap, zinazosema urefu, unene na mpangilio wa ndani, na picha za zamani, hasa ile ya Timothy O'Sullivan yenye watu wameketi kwenye ngazi za mbele, inayoonyesha baraza, nguzo na madirisha yalivyokuwa. Kila kimoja kiliziba pengo la mwenzake. Msingi hauwezi kukuambia kimo cha dari, na picha ya mbele haikuonyeshi ukuta wa nyuma. Desemba 1941 Marekani ikaingia kwenye Vita Vikuu vya Pili, kazi ikasimama. Zabuni zilifunguliwa Novemba 1947, nyumba ikapokea wageni tarehe 9 Aprili 1949, miaka 84 kamili baada ya ule mkutano. Ikazinduliwa rasmi tarehe 16 Aprili 1950 mbele ya watu wapatao 20,000, na waliokata utepe ni Ulysses S. Grant wa tatu na Robert E. Lee wa nne.

Kwa hiyo, Mhariri, nyumba mliyoiweka gazetini ni ya 1949, imekaa juu ya alama za ile ya 1848 na ina baadhi ya matofali yake. Jengo la mahakama linaloonekana nyuma yake nalo ni jipya, lilijengwa 1963 na 1964. Kwa nje linafanana na la zamani. Ndani hakuna kizimba wala kiti cha hakimu, bali mapokezi ya wageni chini na maonyesho juu. Sioni aibu yoyote kwa hifadhi hiyo. Wao wenyewe wanasema wazi lipi ni la asili na lipi limejengwa upya, na msomaji wa Kiswahili anastahili kuambiwa vilevile.

Samani za sebule ile zimetawanyika. Wakuu walipoondoka, maofisa wa Kaskazini waligombea chochote kilichokuwa humo. Jenerali Sheridan alitoa dola 20 kwa meza ndogo ya mbao ambayo Grant aliandikia, akampa mke wa Custer, ofisa mwenzake, na leo iko Washington kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian pamoja na viti walivyokalia. Jenerali Ord alinunua kwa dola 40 meza ya Lee yenye bamba la marumaru, ambayo sasa iko Chicago. Meza na viti hivyo vilivyo ndani ya nyumba leo ni nakala. Lakini kuna kitu kilichorudi, na ndicho ningemwambia mgeni akitafute kwanza: mwanasesere wa matambara wa Lula, binti wa McLean, mtoto wa miaka saba au minane siku ile. Mwanasesere huyo aliachwa kwenye kochi sebuleni. Ofisa mmoja, Kapteni Thomas Moore, aliondoka naye kama nyara, na familia yake ikamrudisha Appomattox mwaka 1992. Ni tambara lililojazwa na kushonwa kwa mkono, na chumbani mle lilikuwamo kabla ya majenerali wote.

Makala yenu imetaja majenerali saba na haikumtaja mtumwa hata mmoja. Katika kaunti ile zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa watumwa, na katika vikosi vilivyomfungia Lee njia asubuhi ya tarehe 9 walikuwemo maelfu ya askari weusi wa jeshi la Kaskazini. Hannah Reynolds, mwanamke mtumwa, alikuwa ndani ya nyumba ya bwana wake risasi ya mzinga ilipopenya ukuta na kumjeruhi. Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 12, siku ileile askari wa miguu walipokuwa wakiweka bunduki chini. Alikufa akiwa huru. Jiko na makao ya watumwa nyuma ya nyumba ya McLean vimejengwa upya pia, na ni hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma. Wageni wengi hupiga picha baraza ya mbele na kuondoka bila kuvifikia.

Wapo wasomaji wenu wengi wanaoishi Maryland, Virginia na Washington, hivyo naongeza maelekezo kidogo. Kutoka Washington ni mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari, kutoka Richmond kama kilomita 145, kutoka Lynchburg kama 40. Hifadhi iko kwenye barabara namba 24 ya jimbo, kaskazini mashariki mwa mji. Ukiandika kwenye simu "Appomattox courthouse" pekee, unaweza kupelekwa kwenye mahakama ya kaunti iliyo mjini, ambako bado kunasikilizwa kesi na hakuna nyumba ya McLean. Andika jina kamili, Appomattox Court House National Historical Park. Gari huachwa nje ya kijiji, ndani unatembea kwa miguu, na barabara ni ya udongo na changarawe, kwa hiyo viatu vya kisigino viacheni nyumbani. Anzeni Clover Hill Tavern muone mashine za chapa, halafu duka la Meeks na ofisi ndogo ya wakili Woodson, ambazo ni majengo ya asili, ndipo muende kwa McLean. Ukianza na nyumba maarufu, macho yako hayatakuwa na ya asili ya kulinganisha nayo. Ukishayaona yale kwanza, utagundua mwenyewe jinsi matofali ya 1949 yalivyonyooka kuliko yale ya 1819.

Naomba toleo lijalo lichapishe masahihisho mafupi, na picha ile ikitumika tena, maelezo yake yasomeke hivi: "Nyumba ya McLean, Appomattox Court House, Virginia. Ya awali ilijengwa 1848 na kubomolewa 1893. Hii ilijengwa upya na kufunguliwa 1949."

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa siku nyingi,
Morogoro